Ipi Ituzuie, Ipi Twende Nayo

Programu isiyo na hitilafu hata moja haijawahi kutoka. Msimamizi wa toleo analijua hilo kabla hujamwambia, naye huamka kila siku kuchambua: ipi twende nayo, ipi ituzuie.

Wanaonivutia zaidi kwa kazi hii ni watu wa Debian, mfumo endeshi unaotengenezwa na wanaojitolea tangu 1993. Kwao hitilafu hupangwa kwa ngazi saba, na tatu za juu ndizo zinazoweza kuzuia toleo. Utamu uko kwenye mipaka. Programu isiyoweza kutumika kabisa iko ngazi ya pili. Ikivuruga na nyingine zisizohusiana nayo, imepanda ya kwanza. Kitufe kilichokaa upande kinamkera kila mtu, na toleo linatoka. Faili likiharibika kimyakimya kwa wachache tu, kila kitu kinasimama, kwa kuwa kilichopotea hakirudi.

Si lazima kusubiri kila mara. Kifurushi cha programu kinachowachelewesha wenzake kinaweza kuondolewa, kama abiria aliyeshuka kununua mahindi basi likamwacha. Shida ni kile ambacho vingine vyote vinakitegemea. Hapo wasimamizi wanaweza kuibandika hitilafu alama kwamba kwa toleo hili inapuuzwa, na uamuzi huo unabaki kwenye kumbukumbu ambazo yeyote anaweza kuzisoma. Binafsi naona alama hiyo inadai moyo kuliko kusema "tusubiri". Kusubiri nako kuna gharama: kati ya toleo la Julai 2002 na lile la Juni 2005 ilipita karibu miaka mitatu, na watu walinung'unika.

Lakini tazama Desemba 9, 2023. Ilikuwa siku ya kutoa Debian 12.3, toleo dogo la marekebisho, la aina ambayo kwa kawaida hupita bila kelele. Kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ilikuwa na kiraka kilichochukuliwa kutoka kerneli mpya kikashonwa kwenye ya zamani, ila kiraka mwenzake kikasahaulika. Matokeo yake, kwenye diski zinazotumia mfumo wa faili wa ext4, programu inayoandika kwa njia fulani maalumu ingeweza kuandika data mahali pasipo pake. Wengi wasingeona chochote. Vifurushi vilikuwa vimekwisha kufika kwenye seva, na wapo ambao kompyuta zao hujisasisha zenyewe usiku wakiwa wamelala.

Uchache wa wanaoandika kwa njia hiyo haukuwa sababu ya kuendelea. Faili za usakinishaji zilizuiwa, watumiaji wakaambiwa wasisasishe, kerneli nyingine ikaandaliwa. Kesho yake, Desemba 10, ikatoka 12.4. Hata namba ya 12.3 hawakuitaka tena.