Hapo Umeruka: Kumsomea Mzee Willy Gamba

Mwezi wa nne nilikaa nyumbani Tabora wiki tatu. Mzee alikuwa anasubiri zamu yake ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Redio anaisikiliza, televisheni siku hizi anaisikiliza pia, lakini kitabu hakijisomi chenyewe. Siku ya pili, baada ya chai, akaniambia nivute sanduku la bati lililo chini ya kitanda. "Mtafute Willy," alisema, kama vile ananituma kwa jirani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana naye, Willy Gamba ni mpelelezi wa Kitanzania aliyebuniwa na Elvis Musiba. Bosi wake anaitwa Chifu. Anatumwa, anapanda ndege, anapiga watu, anapigwa, anapendwa na wanawake, anarudi. Katika Kufa na Kupona (1974) anapelekwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibiwa. Katika Kikosi cha Kisasi (1979) anakwenda Kinshasa kupambana na genge la makaburu linalowaua wapigania uhuru. Baadaye zikaja Njama (1981) na Hofu (1988).

Sandukuni nilimkuta Willy hana jalada. Kikosi cha Kisasi kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mnene, ukurasa wa kwanza umejaa majina ya watu waliowahi kukiazima. Chini yake kulikuwa na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, fungu la magazeti ya Sani na kurasa chache za Film Tanzania, lile gazeti la hadithi za picha la Faraji Katalambulla, yule yule aliyeandika Simu ya Kifo (1965). Mzee alifanya kazi reli. Treni ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana hapo Tabora, na mtu wa reli ana saa nyingi za kusubiri. Hii ndiyo ilikuwa maktaba yake.

Sasa mimi nimesoma fasihi mpaka chuo. Nilifundishwa kupasua kitabu kama chura wa maabara: fani upande huu, maudhui upande ule. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari; dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo. Ukimaliza orodha, umemaliza kitabu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama kitabu fulani kiliwahi kuninyima usingizi. Na Willy hakuwemo kwenye vitabu vya mtihani wangu. Yeye alitupwa kwenye kapu la "riwaya pendwa", jina ambalo ukilisikia haraka haraka unadhani ni sifa.

Basi nikaanza kusoma kwa sauti.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba Musiba anakimbia. Sentensi zake ukizisoma kimya kimya unaziona za kawaida, hata zimechoka. Ukizisoma kwa sauti, mdomo wako unajikuta unafukuzwa. Sura haiishi mpaka mtu amegonga mlango au taa imezimika. Nilijaribu mara mbili kufunga kitabu ili nikanywe maji, na mara zote mbili mzee alisema, "Ah, we nawe! Mtu amewekewa bastola kichwani halafu unakwenda kunywa maji?" Hiyo ni sifa ya fani ambayo sijawahi kuiona kwenye kitabu chochote cha mwongozo wa mtihani.

Jambo la pili ni kwamba haya mambo hayakuwa mbali na watu kama nilivyodhani. Nilipokuwa mdogo nilimwona Willy kama James Bond aliyepakwa rangi. Lakini Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam kweli, tangu mwaka 1963. Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa Dar es Salaam hiyo hiyo, Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Mzee anaikumbuka habari ile ilivyoingia redioni. "Baada ya pale," aliniambia, "ukiletewa kifurushi unakigeuza kwanza." Kwa hiyo mtu wa mwaka 1974 aliyefungua Kufa na Kupona hakuwa anaota mambo ya Ulaya. Alikuwa anasoma woga uliokuwa mtaani kwake, ila safari hii upande wake unashinda.

Jambo la tatu ni njaa. Si njaa ya chakula peke yake. Kikosi cha Kisasi kilitoka mwaka ambao vita vya Kagera vilikuwa vinamalizika, na Njama ikaja wakati wa foleni za sukari, sabuni na unga. Ndani ya kitabu, mtumishi wa serikali analala hoteli kubwa, anakunywa anachotaka, anaendesha gari linalotajwa kwa jina. Willy hapangi foleni hata siku moja. Nilimuuliza mzee kama hilo halikumkera. Akacheka. "Ndiyo maana nilikuwa nakinunua. Foleni nilikuwa nayo bure." Wahakiki wamezoea kusema riwaya hizi zinamtorosha msomaji kutoka kwenye maisha yake. Sawa, lakini zilimtorosha akiwa bado na kadi ya chama mfukoni: anakombolewa Msumbiji na anakunywa wiski, vyote kwa wakati mmoja. Musiba hakumwambia achague. Huo ni ujanja, na pia ni udhaifu, kwa sababu mtu aliyelima ili kamati ile ipate michango haonekani popote kwenye hoteli zile.

Siku ya nne tukafika kwenye wanawake.

Aliyemsoma Willy anajua ninachosema. Mwanamke anaingia, na kabla hajasema neno tumeshaambiwa umbo lake kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayekagua gari kabla ya kulilipia. Kimya kimya unapita. Lakini hebu jaribu kumsomea baba yako mzazi, saa nne asubuhi, mama yako yuko uani anachambua mchele. Nilifanya ambacho mtoto yeyote mwenye adabu angefanya. Nikaruka aya, nikaanguka kwenye mlango unaofunguliwa na risasi.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapo umeruka."

Nikasema kurasa zimegandana.

"Hazijagandana. Hata mimi nilikuwa naruka hapo hapo, nikimsomea mama yako."

Ndipo sauti ikatoka uani: "Na mimi nilikuwa nazisoma mwenyewe ukishakwenda kazini."

Tulicheka mpaka mzee akakohoa. Lakini usiku sikulala vizuri. Katika yote niliyowahi kusoma na kuandika kuhusu riwaya pendwa, msomaji niliyemfikiria alikuwa mwanaume: kijana wa sekondari, dereva, askari, mtu wa reli. Sikuwahi kumfikiria mama yangu, ambaye alisomewa kitabu kilichochujwa halafu akakisoma chote kwa siri, mchana, sufuria ikiwa jikoni. Kesho yake nilikwenda kukaa naye kwenye mkeka, nikamuuliza alionaje.

Sikutegemea jibu refu. Alinipa moja fupi. "Wale wasichana wa Willy hawana kwao."

Vipi?

"Wengi wanatokea tu hotelini. Huambiwi binti ya nani, mama yake yuko wapi, nani atalia akipigwa risasi. Wazuri, lakini hawana kwao. Mtu hana kwao kwa nini umwogopee?"

Nilirudi kitandani kwa mzee nikapekua. Mama alikuwa amezidisha chumvi kidogo. Wapo wanaopewa jina la ukoo na historia fupi, na wapo wanaofanya kazi ya hatari kuliko wanaume. Lakini alikuwa ameona kitu ambacho orodha yangu ya fani na maudhui haikuwa na mahali pa kukiweka. Ningeandika "mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe", kama tulivyokariri wote, na ningepata alama zangu. Yeye alisema kasoro ni ya hadithi yenyewe: kifo cha mtu asiye na kwao hakina uzito, kwa hiyo hatari ya Willy nayo inapungua uzito. Maneno ya mtihani hayajanionyesha kamwe kwamba kosa la kumdharau mhusika linaweza pia kuharibu msisimko wa kitabu.

Alikuwa na wa kwake aliyempenda zaidi: Bwana Msa. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kikachapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wa Unguja hana ndege wala bastola za kutisha. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, ana kichwa. Na kinachofumbua mafumbo yake, kitabu baada ya kitabu, mara nyingi ni swali lile lile la mama: huyu ni mtoto wa nani hasa? Nani ndugu ya nani bila kujua? Urithi unakwenda wapi? Kwa Abdulla kila mtu ana kwao, hata anayeficha, na uhalifu unaanzia kwenye hicho kinachofichwa.

Nikajaribu kumsomea mzee Bwana Msa. Lugha ni tamu kuliko ya Musiba, hilo halina ubishi. Watu wake wanazungumza, na ukiwasoma kwa sauti unasikia baraza. Dakika ishirini, mzee akaanza kukoroma. Mama uani ndiye aliyesema, "Endelea, mimi nasikiliza."

Sitaki kuligeuza hili kuwa hadithi ya wanaume wanapenda risasi na wanawake wanapenda ukoo. Mama alimsoma Willy wote, na mzee ndiye aliyenunua Bwana Msa kwa pesa yake. Na aliyekuwa akigombewa na nyumba nzima, mzee akirudi na gazeti, alikuwa Ndumilakuwili wa Sani, yule wa kusema hili huku na lile kule. Ninachosema ni hiki: vitabu hivi vilikuwa na wahakiki wake siku zote. Walikuwa kwenye mabehewa na kwenye mikeka. Walijua wapi kitabu kinashika na wapi kinalegea, na walijua kwa nini. Sisi tulioitwa wasomi hatukuwauliza, kwa sababu tulishaamua kwamba kitabu kinachosomwa na kila mtu hakihitaji maelezo.

Na sasa tunarudia kosa lile lile. Hadithi za kusisimua za Kiswahili hazijafa. Zipo kwenye simu, zinatumwa sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu ya kumi na mbili leo, ya kumi na tatu ukishalipia. Watu wanazisoma kwenye daladala wakapitiliza kituo. Tunazicheka kwa makosa ya herufi. Miaka arobaini ijayo mtu atataka kujua watu hawa walisoma nini na walionaje, na safari hii hakutakuwa hata na sanduku la bati. Simu ikiingia maji, maktaba imekwenda.

Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji, si kwamba uniambie Musiba ni mwandishi mkubwa au mdogo. Muulize mtu wa nyumbani kwenu, mwenye umri, alisoma nini na alikuwa anaruka wapi. Mwulize na yule aliyekuwa anasomewa. Andika anachosema kama anavyokisema, usikitafsiri kwenye lugha ya mtihani.

Mimi likizo iliisha kabla ya kitabu. Tulikuwa tumebakiza sura tatu, na mzee zamu yake ya hospitali ilikuwa bado. Juzi nilipiga simu kuwasalimu, nikamuuliza Willy amefikia wapi. Akaniambia wameshamaliza, wamerudi mwanzo. Mama amevaa miwani yake na anamsomea kila jioni.

"Na haruki?" niliuliza.

"Haruki kitu," mzee alisema, na alikuwa ameshusha sauti.