Filamu Fupi Mlimani: Rwanda Ilivyofanya na Karagwe Inavyoweza

Mto Kagera umeweka mpaka kati ya wilaya ya Kyerwa, Tanzania, na Rwanda, lakini milima ya ng'ambo na ya huku haina tofauti kubwa: vilele vya nyasi, mashamba ya migomba mitelemkoni na vijiji vilivyotawanyika. Ng'ambo, Tamasha la Filamu la Rwanda lililoanza mwaka 2005 chini ya mwongozaji Eric Kabera na Rwanda Cinema Centre liliamua kwamba filamu zisibaki Kigali. Lilibeba skrini ya kujazwa upepo, likazunguka mikoani na kuwaonyesha wanavijiji filamu zilizotengenezwa na Wanyarwanda wenyewe, nyingi zikiwa fupi na kwa Kinyarwanda. Safari hizo zikajulikana kwa jina la Hillywood.

Visiwani nako, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo makao yake makuu ya maonyesho ni Ngome Kongwe, limekuwa likipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Kwa hiyo swali la iwapo filamu huru zinaweza kufika kijijini lilishajibiwa zamani. Lililobaki kwetu sisi wa Karagwe na Kyerwa ni la kiufundi: kazi ile hufanywaje, nini kichukuliwe kama kilivyo, na nini kibadilishwe? Jibu langu ni kwamba tunaihangaikia mno picha na kuzisahau sauti na lugha, ilhali onyesho la kijijini husimama au kuanguka kwa hizo mbili.

Ukubwa wa skrini

Tuanze na picha hata hivyo, kwa kuwa ndiko fedha hupotelea. Kwanza kabisa, mwandaaji hutaka skrini kubwa. Lakini skrini haina mwanga wake. Inagawana mwanga wa projekta. Chukua projekta ya lumeni 3,000, aina inayopatikana katika ofisi, makanisa na shule nyingi. Ukiielekeza kwenye skrini yenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3.4 hivi, mwanga unaorudi machoni ni takriban kandela 47 kwa kila mita ya mraba. Majumba ya sinema duniani hulenga kandela 48. Maana yake, kwa upana huo, mwanakijiji anaona picha yenye mwanga sawa na wa jumba la sinema la mjini.

Sasa panua skrini hiyohiyo ifike mita 10. Eneo linakaribia kuongezeka mara tatu, na mwanga unashuka hadi kandela 17. Matukio ya usiku, ambayo waongozaji wetu wanayapenda, yanageuka kuwa weusi mtupu. Kwa projekta ya aina hiyo, mita 6 ndiyo mipaka yake. Anayetaka mita 10 atafute projekta ya lumeni zaidi ya 8,000, na bei yake ni habari nyingine kabisa.

Kuna kanuni ya zamani ya mafundi wa maonyesho: mtazamaji wa mbele asikae karibu kuliko mara mbili ya upana wa picha, na wa nyuma asizidi mara sita. Skrini ya mita 6 basi inahudumia watu kuanzia mita 12 hadi mita 36. Katika uwanja wa shule ya msingi, nafasi hiyo inabeba mamia ya watu.

Upepo na mtelemko

Skrini ya kujazwa upepo kama ile ya Hillywood ina faida kubwa: inakunjwa, inaingia kwenye gari na kusimama haraka. Lakini skrini nyingi za aina hiyo hutegemea feni inayozunguka muda wote wa onyesho. Umeme ukikatika, picha inazimika na skrini yenyewe inalala. Isitoshe, skrini yoyote ni tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiipiga skrini ya mita 6 usoni, nguvu yake inazidi uzito wa kilo 120. Kilele cha mlima, pale ambapo wengi wangependa kuiweka ili ionekane kutoka mbali, ni mahali pabaya kuliko pote.

Kwa Karagwe na Kyerwa napendekeza njia ya bei nafuu. Mikaratusi tunayo. Nguzo mbili imara, mti mmoja juu na mwingine chini, kamba nne za kuvuta mbele na nyuma, kisha kitambaa cheupe kizito kilichokazwa pande zote kisipate mkunjo. Nyuma yake shona kitambaa cheusi, kwa sababu kitambaa cheupe peke yake hupitisha mwanga mwingi na kuupoteza. Pembeni zungushia utepe mweusi. Jicho litaiona picha kuwa kali zaidi. Skrini hiyo haihitaji feni.

Halafu utumie mtelemko. Weka skrini chini ya mtelemko na watu wakae upande wa juu, wakiangalia bondeni. Mlima unakuwa jukwaa la ngazi bila kununua kiti hata kimoja, na hakuna kichwa kinachoziba maandishi ya chini ya picha. Shamba la migomba lililo nyuma ya skrini nalo husaidia kukata upepo.

Saa ya kuanza

Kosa la kuiga ratiba ya kwingine linaonekana hapa. Mwezi Julai, jua huzama Unguja kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Mji wa Kayanga, Karagwe, uko magharibi zaidi kwa nyuzi takriban 8, lakini saa zetu ni moja, kwa hiyo huku jua huzama saa moja hivi. Rwanda, ambayo saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, inaliona jua hilohilo likizama saa kumi na mbili na dakika chache. Anayenakili ratiba ya Zanzibar au ya Kigali bila kufikiri atawasha projekta juani.

Karagwe, picha haisomeki vizuri kabla ya saa moja na nusu usiku. Nusu saa inayotangulia ni ya kujaribu spika, kukaribisha watu na kuwaweka watoto mbele. Onyesho likichukua dakika 90, linakwisha saa tatu. Kwa watu wanaorudi nyumbani kwa miguu, kwenye baridi ya nyanda za juu, kuvuka hapo ni kuwafukuza akina mama kwanza, na baada yao wazee. Msimu wa kufaa ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, kati ya masika na vuli.

Sauti

Hapa ndipo maonyesho mengi ya wazi yanapoharibikia. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Ukiweka spika chini, usawa wa magoti ya watu wa mbele, waliokaa mbele wanaziba masikio na waliokaa mita 36 hawasikii neno, kwa kuwa miili ya waliotangulia imenyonya sehemu kubwa ya sauti. Spika zipandishwe juu ya vichwa na zielekezwe safu za nyuma. Wa mbele watapata sauti ya kutosha kutokana na ukaribu wao.

Sauti pia hutembea polepole, mita 340 hivi kwa sekunde. Kwa mtu wa mita 36, neno linafika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya mdomo kufunguka. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kuongeza spika za pili katikati ya uwanja bila kuzichelewesha: mtu anasikia neno mara mbili na haelewi hata moja. Spika zilizo mita 18 mbele ya zile za kwanza zicheleweshwe kwa milisekunde 53, na mixa nyingi za kidijitali zina kitufe cha kazi hiyo. Asiyenayo abaki na spika mbili tu za mbele.

Jenereta iwe mbali, nyuma ya jengo au tuta la udongo, upande ambao upepo unapeleka kelele nje ya uwanja. Waya mrefu na mnene ni gharama ya lazima. Projekta yenye taa ya kawaida iunganishwe kupitia betri ya akiba, kwa maana umeme ukikatika ghafla feni yake husimama wakati taa ingali ya moto sana, na taa hiyo hupasuka au kufupisha maisha yake. Dakika 5 za betri zinatosha kuizima kwa utaratibu.

Lugha

Hillywood ilikuwa na bahati moja: Kinyarwanda kinaeleweka mlima hadi mlima. Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zina Kiswahili, zina Kinyambo, lugha ya wenyeji, na kule mpakani kama Murongo utasikia pia lugha za Uganda na Rwanda. Bibi aliyekaa safu ya mbele huenda anakisikia Kiswahili, ila kicheko na machozi yake viko katika Kinyambo.

Tatizo hili si geni nchini. Kati ya mwaka 1935 na 1937, serikali ya kikoloni ilikaribisha mradi wa filamu wenye makao Vugiri, milima ya Usambara, ulioongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham. Ulitengeneza filamu fupi 35 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani. Moja ilihusu kahawa chini ya kivuli cha migomba, kilimo ambacho Karagwe inakijua kwa vizazi. Picha zilikuwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, na pasipokuwa na santuri mkalimani alisema kwa maiki. Nia ya mradi ule ilikuwa kumfundisha Mwafrika alichotaka mkoloni, na haistahili kurithiwa. Mbinu yake ya kutenganisha picha na lugha, hata hivyo, ilikuwa sahihi.

Mabanda yetu ya video yaliiendeleza mbinu hiyo kwa namna yao. Lufufu wa Dar es Salaam alijenga jina zima kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake, na Uganda ina kundi kubwa la mafundi wa kazi hiyohiyo. Wao husema juu ya filamu yote, wakichekesha na kuongeza chumvi. Kwa filamu fupi ya msanii huru hilo lingekuwa dhuluma, kwa sababu ukimya wake umepimwa. Msimulizi wa tamasha letu, atakayesema kwa Kinyambo, apewe mswada wa filamu wiki kadhaa kabla, aitazame mara nyingi, achague mahali pa kusema, na aseme maneno machache kati ya mazungumzo. Fundi mixa ashushe sauti ya filamu anaposema na kuirudisha akinyamaza. Watangazaji wa redio za jamii, kama FADECO ya Karagwe, tayari wana sauti, nidhamu ya maiki na imani ya wasikilizaji. Waitwe.

Mpangilio wa filamu

Ufupi wa filamu ni nguvu ya mwandaaji. Dakika 90 zinabeba filamu 5 hadi 7. Ya kwanza itegemee picha, isiyo na maneno mengi, kwa kuwa watu bado wanaingia. Ya pili na ya tatu zibebe mazungumzo, masikio yakiwa yametulia. Katikati weka filamu nzito. *Pumzi* ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina dakika 21 tu na inazungumzia dunia iliyokaukiwa maji; *Arusi ya Mariamu* ya Tanzania, ya mwaka 1985, ina dakika 36 na inahusu uganga na tiba, jambo ambalo kila mzee wa Kagera ana la kusema juu yake. Baada ya filamu nzito, simamisha na uwape watu maiki kwa dakika 10. Mwisho iwekwe filamu ya vijana wa wilayani, maana kwa hiyo watu watasubiri.

Faili nazo zitayarishwe mapema. Filamu huru huja kila moja na kasi yake ya picha na kiwango chake cha sauti. Nyingine huja katika faili za DCP, zile za majumba ya sinema, ambazo kompyuta ya kawaida haizifungui vizuri. Zote zigeuzwe ziwe aina moja, sauti zisawazishwe kwa kipimo kimoja, kisha zichezwe mwanzo hadi mwisho kwa mashine ileile na waya uleule utakaotumika uwanjani. Anayezikagua kwa simu hajazikagua.

Kibali na haki

Tanzania, filamu haionyeshwi hadharani bila kupita Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Hili lianze mapema kupitia kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Na kwa mtengenezaji, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: onyesho la hadhara linahitaji ridhaa yake, hata kama hakuna kiingilio. Ridhaa iwe ya maandishi na iandamane na malipo, hata yakiwa madogo. Tamasha linalolipa jenereta, mapambo na chakula cha wageni rasmi kisha likamwambia msanii kwamba anatangazwa bure, linaua kitu kilekile linachodai kukikuza.

Hukumu yangu basi ni hii. Kutoka Hillywood tuchukue ujasiri wa kwenda vijijini na msimamo wa kuonyesha kazi za wenyeji. Skrini yao ya upepo tuiache. Mikaratusi na kitambaa vinatutosha. Fedha itakayobaki iende kwenye spika nzuri, kwa msimulizi wa Kinyambo na kwenye malipo ya waongozaji. Ninaziomba halmashauri za Karagwe na Kyerwa zijaribu kiangazi kijacho kwa viwanja viwili tu, kimoja Kayanga na kimoja Nkwenda, Kyerwa, kwa usiku mmoja kila kimoja. Na vijana mnaopiga picha kwa simu huko mliko, malizeni filamu zenu sasa: andikeni mswada, sajilini kazi, wekeni nakala safi. Kibali kikipatikana, iwepo ya kwenu ya kuonyesha.