Sentensi Huja Mwisho

Anayetaka kuujua ufundi wa Émile Zola asianze na riwaya zake. Aanze na karatasi alizoziandika kabla ya riwaya. Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, na zile za *Germinal*, riwaya yake juu ya wachimbaji wa migodi, peke yake ni mamia ya kurasa.

Mwanzoni mwa 1884 anakaa mezani na kuanza kuzungumza na nafsi yake kwa kalamu. Hapo hakuna hadithi bado. Anajiuliza, anajijibu, anajikosoa. Anataka kuonyesha mvutano kati ya mtaji na kazi. Je, mwenye mgodi awe tajiri mmoja anayejulikana, au kampuni ya wanahisa wasioonekana? Anachagua kampuni, kwa sababu mchimbaji mwenye njaa atakuwa hana hata uso wa kuukasirikia.

Kisha wahusika. Kila mmoja ana karatasi yake: umri, umbo, tabia, ukoo. Étienne Lantier, mhusika mkuu, si mgeni. Ni mwana wa Gervaise, yule dobi wa *L'Assommoir* ya 1877, na pombe iliyomwangamiza mama yake inamsubiri damuni. Zola alikuwa amekwisha kuuchora mti wa ukoo huu kabla ya kuchapisha riwaya ya kwanza kati ya 20 za mfululizo wa Rougon-Macquart. Nadharia ya urithi aliyoiamini imechakaa. Mti wenyewe bado unabeba matawi yake yote.

Februari 1884 wachimbaji wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, wakagoma. Zola akapanda treni. Alikuwa amesoma vitabu juu ya migodi na maradhi ya wachimbaji, lakini hakuridhika navyo. Akaingia katika nyumba za wafanyakazi, akauliza mishahara na chakula, kisha akashuka katika shimo la Renard huko Denain, mamia ya mita chini ya ardhi. Anaandika daftarini alichokiona: taa, unyevu, njia nyembamba ambamo mtu hawezi kusimama wima, miti inayoegemeza paa la mwamba. Hapambi kitu. Ni maelezo makavu ya mtu anayejua kwamba kosa dogo la kipimo litamfichua mbele ya mchimbaji atakayekisoma kitabu.

Msomaji akifika pale farasi Trompette anaposhushwa shimoni akiwa amefungwa ndani ya wavu, amekauka kwa hofu, na farasi mzee Bataille anamnusa kama anayetafuta harufu ya jua aliyoisahau, ataona daftari lile limefanya kazi gani. Uchungu wa farasi unaaminika kwa sababu kamba, wavu na kina cha shimo vimekwisha kuaminika.

Baada ya Anzin hakukimbilia kuandika. Alipanga kila sura, kisha akaipanga tena kwa undani zaidi, akiamua ni habari gani iingie wapi, na ipi iachwe. Hapa ndipo ninapomstahi kuliko popote: sehemu kubwa ya alichokikusanya hakuitumia. Tarehe 2 Aprili 1884, siku aliyotimiza miaka 44, ndipo akaanza riwaya yenyewe. Kila asubuhi kurasa chache, basi. Katika nyumba yake ya Médan, juu ya meko ya chumba cha kazi, palikuwa na maneno ya Kilatini yanayomtaka mtu asiache siku ipite bila kuandika hata mstari mmoja. Novemba gazeti la *Gil Blas* likaanza kuichapa hadithi naye hajaimaliza. Mpango ulimbeba. Akaweka nukta ya mwisho tarehe 23 Januari 1885: sehemu 7, sura 40.

Alipozikwa Paris tarehe 5 Oktoba 1902, ujumbe wa wachimbaji ulipita mbele ya kaburi. Walikuwa wakitamka neno moja, tena na tena: Germinal.