Mfongo na Walioandika Juu Yake

Katika maandishi yanayousifu utamaduni wa Wachaga, mifongo, yaani mifereji iletayo maji mashambani kutoka mito ya Kilimanjaro, haikosi kutajwa. Bali mara nyingi hutajwa kama ajabu ya kutazamwa tu. Desturi hiyo ni kongwe. Harry Johnston, aliyekaa mlimani mwaka 1884, alivutiwa na maji yaliyopitishwa ubavuni mwa vilima. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, naye aliusifu ustadi wa wajenzi katika kitabu chake cha mwaka 1924. Sifa hizo twazikubali, lakini zaishia kwenye udongo na mteremko.

Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika huko mwaka 1902, aliona mbali zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya sheria za Wachaga chashughulika na haki na wajibu, na hapo ndipo lilipo fundo la jambo lenyewe. Banio la mawe na matawi halidumu: mafuriko hulibomoa, mchanga huziba njia. Mfongo huishi kwa kuwa wenyewe huitwa siku ya kazi, na asiyetokea hutozwa faini. Maji hugawanywa kwa zamu. Ya usiku hukingwa katika nduwa, bwawa dogo, yapate kufunguliwa asubuhi. Ondoa makubaliano hayo, utabakiwa na handaki kavu.

Hata hivyo twamlaumu Gutmann kwa jambo moja, nalo si dogo. Aliutukuza ukoo kana kwamba ungeweza kukaa vile vile milele, akayaona mabadiliko kuwa uharibifu. Historia haikumngoja. Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya nchi mikononi mwa Jamhuri. Ile ya mwaka 2009 ikatambua jumuiya za watumia maji. Baadhi ya mifongo imejengewa kwa saruji. Saruji hupunguza maji yanayopotea ardhini (wala hatuna ugomvi nayo), lakini haiamui nani amwagilie kwanza wakati wa kiangazi.

Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi kuutazama mfongo asiishie kwenye banio. Na ateremke nao hadi mashamba ya chini, ambako maji hufika mwisho, wakawaulize wenye mashamba hayo zamu hupangwaje, na nani huzivunja.