Kidonda Ndugu katika Shajara ya Livingstone

Wageni wafikao Ujiji huonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi kurasa zinazonishika ni za mwaka mmoja nyuma, alipokuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Bambarre katika nchi ya Wamanyema, miguu yake ikiwa imeliwa na vidonda ndugu. Zimo katika shajara zake za mwisho, zilizohaririwa na Horace Waller na kutolewa mwaka 1874.

Tazama nani anatenda. Safarini Livingstone ndiye mtendaji: anavuka, anapanda, anauliza njia. Vidonda vinapoingia vinamnyang'anya vitenzi. Vyenyewe ndivyo vinavyokamata, vinavyokula, vinavyopanuka, naye amebaki mtendwa. Kisha, akiwa bado anaeleza majimaji ya damu na usiku usio na usingizi, anapachika vilio vya watumwa kambini, wenye vidonda vile vile. Haanzi aya mpya; nukta pacha tu ndiyo inayotenga maumivu yake na yao. Daktari aliyekuwa akitaja dalili anageuka shahidi ndani ya sentensi moja, na hapo ndipo nathari yake inapofika juu kabisa.

Halafu zinakuja tiba. Waarabu wana marhamu ya nta ya nyuki na mrututu, hupakwa ya moto na kufungwa kwa kitambaa. Wenyeji hukinga kidonda kwa jani gumu au kipande cha kibuyu. Yeye, asiye na dawa, anasaga malakaiti kwa maji juu ya jiwe na kuipaka kwa unyoya. Tiba mbili za kwanza zimetajwa pamoja na kasoro zake: kitambaa kinazuia majimaji kutoka, jani linakera. Malakaiti haina kasoro hata moja, ndiyo iliyosaidia. Lakini mrututu na malakaiti zote zina shaba! Kilichotofautiana sana ni kitambaa.

Tena kuna tarehe. Toka 22 Julai hadi 10 Oktoba 1870, siku 80, hakutoka kibandani. Kuupumzisha mguu hakumo katika orodha ya tiba. Kumeandikwa kama kifungo. Mpangilio wa maneno unaisifu malakaiti, tarehe zinasifu kulala.

Nazisoma hivyo hivyo habari za siku hizi za tiba inayounganisha umeme mdogo na dawa ya kupaka kwa vidonda sugu vya kisukari. Wazo lenyewe lina msingi. Mwaka 1843 Emil du Bois-Reymond alipima umeme uliotoka kwenye kidole chake kilichokatwa, na baadaye ikaonekana kwamba chembe za ngozi hufuata umeme wa aina hiyo kuelekea kwenye jeraha. Dawa ya kupaka, kwa upande wake, inapambana na vijidudu. Ila mara nyingi simulizi hupangwa kama ya Livingstone: tiba za zamani na kasoro zao, kisha mpya iliyo safi. Nani aliondoa nyama iliyokufa? Nani alishusha sukari? Uzito uliondolewaje mguuni? Livingstone alilazwa na maumivu. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, mgonjwa akakikanyaga kidonda chake siku nzima asijue.

Ewe msomaji mwenye kisukari, uwe Ujiji, Gungu au Kibirizi, kagua nyayo zako kila jioni. Ukiona kidonda, hata kisipouma, wahi Hospitali ya Maweni, na ukishapewa dawa uliza pia mguu huo utapumzishwaje.