Kioo na Jicho Lililo Nyuma Yake

Wapenzi wa magari ya kifahari ya mbio wakikutana, mazungumzo huanzia kwenye injini. Zitatajwa silinda 12 za Lamborghini, mlio wa Ferrari ikipandishwa gia, namna Porsche 911 inavyong'ang'ania lami kwenye kona. Kioo cha mbele hakitajwi. Mwenye gari mwenyewe hukikumbuka siku kokoto iliyorushwa na tairi la lori inapokigonga na ufa kuanza kutambaa kuelekea upande wa usukani. Hapo ndipo hutafutwa fundi ambaye hakuna aliyemfikiria, na ndiye ninayetaka kumsifu, kwa kuwa sioni mtu mwingine katika gari lile aliyeachiwa dhamana kubwa hivyo kwa jina dogo hivyo.

Dhamana yenyewe imezidi kuwa nzito. Kwa miaka mingi fundi wa kioo alilihudumia jicho la binadamu, na jicho hilo lina huruma. Mpe dereva kioo kilichopinda kidogo, atasogeza shingo, atazoea, na baada ya muda hataiona kasoro tena. Leo, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kumekaa kamera inayosoma mistari ya barabara, vibao vya mwendo, magari yaliyotangulia na watu wanaovuka. Kizazi cha Porsche 911 kilichozinduliwa mwishoni mwa 2018 hutoka kiwandani na kamera ya aina hiyo, inayomwonya dereva na kuweza kufunga breki yenyewe. Lamborghini Revuelto ya 2023 nayo ilikuja na mifumo ya kumsaidia dereva, jambo ambalo zamani lingeonekana tusi kwa gari la silinda 12. Kamera haina shingo ya kusogeza. Ina uwezo mdogo wa kujirekebisha, na ukiupita mpaka huo, dunia nzima kwake imehamia pembeni. Itaiamini dunia hiyo na kuifungia breki.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Asili yake husimuliwa hivi: mwaka 1903 mkemia na msanii wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, alidondosha chupa ya maabara, ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake kulikuwa kumekauka utando wa selulosi naitreti. Mwaka 1909 akapata hataza. Utando, hata hivyo, hushika vipande tu. Kinachokishika kioo chote garini ni gundi, pamoja na uaminifu wa aliyeipaka. Katika ajali, mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hufumuka kwenda juu, ukaegemea kioo, ndipo ukampokea mtu. Kioo kikibanduka, mfuko unakosa mgongo. Gari likipinduka, kioo husaidia kuzuia paa lisibonyee juu ya vichwa vya watu. Tunadhani tunatazama nje kupitia dirisha, kumbe tumekaa nyuma ya ukuta.

Katika magari ya aina hii ukuta huo umelazwa sana. Mwaka 1970 Marcello Gandini, akiwa katika kampuni ya Bertone, alichora Lancia Stratos Zero, gari la maonyesho lililokuwa chini kiasi kwamba dereva aliingia kwa kufunua kioo cha mbele. Tangu enzi hizo umbo la kabari limebaki alama ya magari ya mbio ya Kiitaliano, na mzigo wake umemwangukia fundi. Kadiri kioo kinavyolala ndivyo mwanga unavyosafiri njia ndefu zaidi ndani yake, na tofauti ndogo ya unene, ambayo kwenye lori lenye kioo kilichosimama isingeonekana, hapa huweza kuzipinda nguzo za taa barabarani. Tena, gari likiwa na taa inayoandika namba za mwendo kioni, utando wa katikati hutengenezwa mnene upande mmoja kuliko mwingine, kwa kiasi kidogo mno, ili namba zisionekane maradufu. Fundi anayejua kazi hulijua hilo kabla hajaagiza kioo. Hukagua alama zilizochapwa kwenye kona, hulinganisha na namba ya utambulisho wa gari, na akiletewa kisicho chenyewe hukirudisha, hata kama cha pili kitachukua wiki kadhaa kufika. Wenye haraka humwona mkaidi.

Kuondoa kioo cha zamani ndiko kunakonivutia kuliko yote. Chumba cha abiria cha Lamborghini Aventador, iliyotoka 2011, ni ganda moja la nyuzi za kaboni pamoja na paa lake, lenye uzito wa kilo 147.5. Kwenye bodi ya chuma, kisu kikiteleza na kukwaruza rangi, fundi hupaka praima ili kutu isianze. Nyuzi za kaboni zikikatwa haziungwi kwa praima. Kwa hiyo fundi huweka kisu kando. Hufunika dashibodi na viti, hung'oa wipa na mipira ya pembeni, hutenganisha nyaya za kihisi cha mvua, kisha hutoboa tundu dogo kwenye gundi na kupitisha uzi mwembamba imara. Uzi huo huzungushwa pembezoni mwa kioo kwa nje, na ncha zake hufungwa kwenye roda iliyobandikwa kwa ndani kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya hewa. Kuanzia hapo kazi ni ya mikono na masikio. Roda inazungushwa polepole, uzi unaikata gundi sentimita kwa sentimita, na fundi anasikiliza: sauti ikibadilika, anasimama, maana huenda uzi umekutana na klipu au umepanda kwenye ukingo wa bodi. Hakuna mashine inayomwambia. Ni mkono uliokwisha kukata gundi nyingi kiasi cha kujua uzito wa kila kona.

Kioo kikishatoka, mtu asiyejua angetarajia gundi ya zamani ikwanguliwe yote. Fundi haikwangui yote. Huiparura hadi ibaki tabaka la milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri zaidi juu ya gundi ya zamani iliyokatwa punde, safi, isiyoguswa na kidole. Mafuta ya ngozi ya mkono mmoja tu yanaweza kuharibu mshiko. Kisha huja praima kwenye kingo, na kusubiri ikauke kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Hukata ncha ya bomba la gundi kwa umbo la V ili mstari utoke wa pembetatu, mrefu, wenye kimo kimoja pande zote, na huuvuta bila kukatisha mpaka ulipoanzia. Pengo dogo katika mstari huo mvua italipata, na upepo wa kilomita 250 kwa saa utalipata kabla ya mvua. Kioo hushushwa na watu wawili kwa vikombe vya kunyonya, mara moja, bila kusogezwasogezwa. Baada ya hapo ukanda mweusi uliochomwa kwenye kingo za kioo, unaoikinga gundi na jua, huifunika kazi yote.

Mercedes-AMG hubandika kwenye injini zake nyingi kibao chenye saini ya mtu aliyeiunda. Ni desturi nzuri, na wanunuzi hufungua boneti kuwaonyesha marafiki. Mstari wa gundi chini ya ukanda mweusi hauna saini wala mtazamaji. Atakayeuona ni fundi mwingine, siku kioo hiki nacho kitakapopasuka, na siku hiyo atajua mara moja alikuwa anamfuata mtu wa namna gani.

Halafu ipo saa ya kungoja, ambayo naiona mtihani wa tabia. Gundi hii ya poliyurethani haikauki kama rangi. Hukomaa kwa kunywa unyevu wa hewani. Watengenezaji hutaja muda wake kwa nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50, hali ambayo si ya Dubai mchana wala ya Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Kwenye hewa kavu ya jangwani, ndani ya gereji yenye kiyoyozi, hukomaa pole. Kwenye pwani yetu hujifunga ngozi upesi, na fundi akichelewa kukalisha kioo ameshaikosa. Kila mahali lazima asome hewa. Gari halipaswi kuondoka kabla gundi haijafikia nguvu ya kuhimili ajali, na mwenye gari, ambaye huenda ni mtu mzito asiyezoea kuambiwa ngoja, amesimama hapo na saa mkononi. Fundi anayemwambia, “Bosi, gari halitoki sasa,” akashikilia neno lake, amefanya kitu kikubwa kuliko ustadi wa vidole.

Ndipo inapofika zamu ya kamera. Ilirudishwa kwenye kishikio chake, skrubu zilezile, waya uleule, na kwa macho imekaa ilipokuwa. Lakini kishikio kimegandishwa kwenye kioo kipya, na kioo kimelala juu ya gundi mpya ambayo huenda imepungua au kuzidi unene kwa nusu milimita. Hesabu haina huruma: nyuzi moja ya kosa kwenye kamera, kwa umbali wa mita 100, ni mita 1.75, karibu nusu ya upana wa njia moja ya barabara kuu. Gari la njia ya jirani linaonekana liko mbele yako. Mwashi anayeanza kujenga msikiti huko Lamu analijua jambo hili: ukikosea kibla kwa upana wa kidole kwenye msingi, safu zote za waumini zitaelekea pengine, na hakuna atakayelitambua kwa kuutazama ukuta.

Kwa hiyo gari hupelekwa kwenye sakafu iliyopimwa usawa, mahali penye mwanga tulivu, pasipo dirisha linalong'aa wala mapambo ya mistari ukutani yanayoweza kuichanganya kamera. Upepo wa matairi hupimwa. Buti huondolewa mizigo. Gari lenye kifaa cha kuinua pua ili lisikwaruze matuta hushushwa hadi kimo chake cha kawaida. Chaja huunganishwa kwenye betri ili umeme usiyumbe. Mbele ya gari husimamishwa ubao wenye michoro ya nyeusi na nyeupe, kwa umbali na kimo alichoagiza mtengenezaji, na kamera huambiwa ijifunze upya iko wapi.

Swali gumu ni hili: ubao uwekwe katikati ya nini? Jibu la haraka ni katikati ya pua ya gari. Siyo. Gari huenda kule ambako magurudumu ya nyuma yanalisukuma, na mwelekeo huo waweza kuhitilafiana kidogo na mstari wa katikati ya bodi, hasa gari likiwa limewahi kugongwa au kurekebishwa alaimenti. Fundi makini hufunga vipimo kwenye magurudumu ya nyuma, hutupa mstari wa leza kwenda mbele, na kuupanga ubao kwa mstari huo. Katika 911, yenye injini nyuma ya ekseli na, katika baadhi ya matoleo, magurudumu ya nyuma yanayokata kona, sehemu hiyo ya gari haistahili kukisiwa. Akikuta alaimenti imekosea, hairuki hatua: gari linatoka kwenye ubao, linanyooshwa kwanza, kisha linarudi. Hili naliona jambo zuri sana katika ufundi wote huu. Mtu aliyeitwa kubadilisha kioo ametembea mpaka kwenye magurudumu ya nyuma ili jicho la mbele liseme kweli.

Haya yasije yakadhaniwa ni ya matajiri wa Monaco peke yao. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita miaka minane, na Subaru nyingi zinazoshuka Mombasa kutoka Japani zina EyeSight, mfumo wa kamera mbili uliotoka huko mwaka 2008, zinazotazama kupitia kioo cha mbele. Japani yenyewe, tangu Aprili 2020, imeiweka kazi ya kubadilisha kioo chenye kamera na kuisawazisha miongoni mwa matengenezo yanayohitaji kibali maalumu. Nairobi na Dar es Salaam vioo vya magari hayo hubadilishwa kila siku, na mafundi wetu wa vioo ni hodari wa mikono. Wanachostahili ni sakafu iliyonyooka, ubao na mashine ya kusomea gari, pamoja na wateja watakaokubali kuilipia saa ile ya mwisho.

Magari mengine humaliza kwa ubao, mengine hudai barabara, mengine vyote viwili. Barabarani fundi huliendesha gari la nguvu za farasi 400 au 600 kwa mwendo uleule mmoja, kwenye njia yenye mistari inayosomeka, akiacha nafasi mbele, wakati kompyuta inahesabu. Mguu wake hauna ruhusa ya kufurahi. Akikatizwa na foleni au mvua, huenda akalazimika kuanza tena. Akirudi huchomeka mashine, hulinganisha namba za sasa na zile alizozisoma kabla hajagusa kioo, huzihifadhi kwenye faili la gari, na ikiwa moja imekaa karibu mno na mpaka unaoruhusiwa, husogeza tena ubao mbele ya gari na kufungua futi.