Pingili Kumi na Tisa

Nyoosha mkono wako wa kushoto uhesabu pingili za vidole. Gumba lina mbili, vidole vinne vilivyobaki vina tatu tatu, jumla 14. Ongeza kucha 5, unapata 19. Beda, mtawa wa Uingereza, alieleza hesabu hiyo ya mkono katika kitabu chake cha kupima nyakati cha mwaka 725. Aliyeijua vizuri alitembea na kalenda ya mwezi kiganjani.

Kwa nini 19? Miezi 12 ya mwandamo ina siku 354 hivi, mwaka wa jua una 365. Pengo ni siku 11, na ndilo linaloifanya Ramadhani ipite katika majira yote. Ila ukisubiri miaka 19, miezi 235 inakuwa imetimia, na jua na mwezi vinapishana kwa saa mbili tu hivi. Mwezi mpevu hurudi karibu tarehe ileile. Wasomi wa Aleksandria waliijengea Pasaka hesabu juu ya mzunguko huo, na mwaka 525, kule Roma, mtawa Dionysius Exiguus akaandika majedwali yake kwa kufuata mtindo wao.

Kanuni yenyewe ni fupi: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Kazi iko katika kupatanisha jua, mwezi na juma, vitu vitatu ambavyo havijawahi kusubiriana.

Tuitazame kazi hiyo kwa mwaka 2026. Gawa 2026 kwa 19, kinabaki 12. Ongeza 1, unapata 13, iitwayo namba ya dhahabu. Sasa tafuta umri wa mwezi mwaka unapoanza. Kwa karne yetu, namba ya dhahabu 1 hupewa 29, na kila hatua inayofuata huongeza 11. Kutoka 1 hadi 13 ni hatua 12, yaani 132. Jumlisha na 29, ni 161. Ondoa 30 mara tano, inabaki 11. Umri ukiwa 23 au chini yake, utoe katika 44 upate siku ya Machi ambayo mwezi unapevuka: hapa tunapata 33. Machi haina siku ya 33, basi vuka hadi 2 Aprili. Siku hiyo ni Alhamisi. Jumapili inayofuata ni 5 Aprili. Umeipata Pasaka, na mbinguni hujatazama.

Zile saa mbili nazo hazikusahaulika. Zikilimbikizana karne kwa karne huwa siku nzima, na kalenda ya kale nayo ilikuwa ikiachwa nyuma na jua. Aloysius Lilius, tabibu wa kusini mwa Italia, alibuni namna ya kuusogeza umri wa mwezi kwa siku moja katika karne maalumu, bila kuuvunja mzunguko wa 19. Alifariki 1576. Miaka sita baadaye Papa Gregori XIII aliutangaza mpango huo, na kazi ya kuufafanua na kuutetea ikamwangukia mwanahisabati Christopher Clavius. Waorthodoksi walibaki na hesabu ya zamani, ndiyo maana mara nyingi Pasaka yao huchelewa.

Mwezi huu wa hesabu si ule wa angani. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka 21 Machi, muda mfupi baada ya usiku na mchana kulingana. Jedwali lilikuwa limeuhesabu siku moja nyuma, likausubiri ule wa 18 Aprili, na Pasaka ikawa 21 Aprili. Wengine waliliita kosa. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo: anga huonekana tofauti kutoka mji hadi mji, mawingu nayo yana yao, lakini jedwali humpa kila mtu jibu moja, miaka mingi kabla.

Ongeza 19 juu ya 2019 upate 2038. Mwezi wa jedwali utarudi 18 Aprili, safari hii Jumapili. Kanuni inataka Jumapili inayofuata, hivyo Pasaka itakuwa 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana. Mara ya mwisho ilikuwa 1943.

Sasa chukua kalamu ujaribu 2027. Usipopata 28 Machi, rudia kuhesabu.